Mkwe Aliyevaa Jezi Namba Moja

Kwenye kozi ya ukocha walinifundisha kumhudumia mchezaji aliyeteguka bega. Walinifundisha namna ya kuongea na mzazi mwenye hasira, na namna ya kumjibu refa bila kufukuzwa uwanjani. Siku kumi na mbili nimekaa darasani Nairobi, nikaondoka na cheti cha daraja la pili na begi la vitabu. Kuhusu baba mkwe mwenye miaka ishirini na minne na kilo mia na nne, anayecheza namba moja, hakuna hata ukurasa mmoja.

Naitwa Oswaldi. Nimezaliwa hapahapa Mpanda, baba yangu alikuwa fundi wa reli. Raga niliikuta sekondari, Arusha, na ikanichukua mzima mzima. Nilicheza miaka kumi na minne, mara kumi na tisa nikiwa na jezi ya taifa, mpaka mwili ukakataa. Tangu hapo mimi ni kocha, tena kocha wa kulipwa, na naomba hilo lieleweke, maana mtaani kwetu Kashaulili watu wakiniona na filimbi shingoni wanadhani najitolea. Nimefundisha Arusha, nikafundisha Nairobi, nikafundisha Kampala. Kila mahali nilikaa msimu mmoja au miwili, kisha uongozi ukabadilika, au fedha za klabu zikaisha, au nikasema neno nisilotakiwa kulisema. Mke wangu, Sikujua, anasema kila mara ilikuwa hiyo sababu ya tatu. Nimechoka kubishana naye.

Nina miaka arobaini na moja. Mwaka juzi simu zote ziliponyamaza, shirika moja la michezo la Dar es Salaam lilinipa mkataba wa mwaka mmoja: nianzishe raga Mpanda, nijenge timu mbili kamili, mwisho wa mwaka zicheze mechi ya watu kumi na tano kwa kumi na tano mbele ya mkaguzi wao. Akiridhika, napata miaka mitatu. Asiporidhika, shemeji yangu ameshanitengea stuli kwenye duka lake la mabati, nikauze misumari. Sina dharau na misumari. Ila kufundisha raga ndiyo kazi pekee ninayoiweza, na nilijua hakuna mwingine atakayenipigia simu.

Basi nikaanza. Vijana wenyewe waliuita mpira wangu papai, kwa umbo lake, nikakubali liwe papai. Miezi mitatu ya kwanza iliishia kwenye neno pole. Namfundisha mtu kumkumba mwenye mpira na kumwangusha. Anamkumba vizuri kabisa, mpira unadondoka, na badala ya kuuokota anamwinamia mwenzake, anampa mkono, anamkung'uta vumbi mgongoni na kumuuliza, "Pole ndugu yangu, hujaumia?" Yule wa chini anajibu, "Nimeshapoa." Papai limelala pale, na wachezaji ishirini na nane wamesimama kuhakikisha kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikachanika. Mwishowe tulikubaliana kwamba pole zote zitatolewa baada ya mazoezi, na kweli wakawa wanapanga foleni kupeana.

Kwa hiyo msifikiri sikuwa na subira. Subira nilikuwa nayo, iliisha kwa sababu.

Katika timu ya mjini nilikuwa na kijana anaitwa Malale. Msukuma wa Bariadi, amekuja Mpanda kutafuta maisha, anabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mfupi, mpana, shingo huioni. Huyu hakuhitaji kufundishwa kumkumba mtu. Alimkumba kama anavyobeba gunia. Anaingia chini, anakumbatia, ananyanyua, anakulaza. Hakupigi, hakuumizi, unajikuta tu unatazama mawingu. Nimecheza na watu waliolelewa na mchezo huu tangu wadogo, na sijawahi kuona mtu anakumba vile. Kwenye ripoti zangu za kila mwezi nilimwandika mpaka nikaona aibu.

Kutoka Kabungu walikuja vijana wa wafugaji, kumi na mmoja kwa baiskeli, wakiongozwa na Ngusa. Familia yao ilihamia na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Ngusa amekua akilima kwa maksai, na ukimwona anavyosukuma unaweza kudhani na yeye alifungwa nira. Kwa mwenye mwili ule, namba moja ni yake. Namba moja ndiye anayekaa mbele kabisa kwenye skramu, pale wanaume wanane wanapoinama, wakashikana, wakasukumana na wanane wa upande wa pili. Na anayesukuma nyuma yake ni namba nne, ambaye lazima aingize kichwa chake chini ya makalio ya namba moja, bega likae kwenye paja, asukume kwa nguvu zote. Mazoezini nilikuwa nikiwachanganya wa mjini na wa Kabungu, na namba nne nyuma ya Ngusa nilimpanga Malale.

Siku ya kwanza ya skramu, wote wakainama. Malale akabaki amesimama.

"Malale, ingia," nikasema.

"Kocha, mgongo unaniuma."

Kesho yake likawa goti. Siku ya tatu likawa tumbo. Siku ya nne hakutoa sababu, alisimama tu na kutazama mbali kama mtu anayesubiri basi. Nikamfokea. Nikamwambia nimeona wavivu wengi ila yeye amewazidi. Akaniitikia, "Sawa kocha," na hakuingia.

Aliyenifungua macho ni nahodha wa timu ya mjini, Dieudonne, fundi seremala ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alinivuta pembeni baada ya mazoezi.

"Kocha, we unamwonea Malale bure. Yule Ngusa ni mkwewe."

"Mkwe vipi? Ngusa hajaoa, wala hana binti."

"Malale amemwoa Nyanzala. Nyanzala ni binti wa mzee Makoye wa Kabungu. Mzee Makoye na Ngusa baba mmoja. Ngusa ni wa mwisho, lakini ni mdogo wake Makoye. Kwa hiyo ni baba mdogo wa Nyanzala. Kwa hiyo ni baba mkwe wa Malale. Hawezi hata kupishana naye njiani akamgusa bega, anatoka pembeni. Sasa we unamwambia aweke kichwa pale."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Sikuwa na hasira na mila ya mtu. Nilikuwa na hasira kwamba tulikuwa tumepoteza siku nne za skramu, na kila mtu uwanjani alijua isipokuwa mimi, na hakuna aliyeona kwamba kocha anahitaji kuambiwa.

Dawa ilionekana rahisi. Nikawatenganisha: Malale abaki timu ya mjini, Ngusa awe timu ya Kabungu, nikamwongezea vijana wanne wa mjini wafike kumi na watano. Skramu ikakaa sawa. Malale akaweka kichwa chini ya makalio ya fundi mmoja wa pikipiki, bila ugonjwa wowote. Nikajipongeza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Sikujua kwamba ukocha ni kutatua matatizo ya watu.

Jumamosi iliyofuata tukacheza mjini dhidi ya Kabungu, mechi ya mazoezi. Ngusa akapokea mpira, akaja moja kwa moja kwa Malale. Malale akapiga hatua mbili pembeni, akainamisha macho, akaunganisha viganja vyake mbele ya tumbo. Ngusa akapita, akaenda kuuweka mpira nyuma ya mstari. Alama tano. Dakika tatu baadaye, tena. Ngusa si mjinga. Alishagundua kwamba uwanjani ana barabara yake binafsi.

Nilimwita Malale peke yake.

"Kocha, we umeoa?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Nimeoa."

"Baba mkwe wako unaweza kumshika miguu ukamwangusha mbele za watu?"

"Baba mkwe wangu ana miaka sabini na nane, yuko Namanyere, anatembea na mkongojo. Hachezi raga."

"Angekuwa anacheza?"

Yule mzee nilimwona akilini amevaa kaptura, nikataka kucheka, na nilikuwa sitaki kucheka. Nikamwambia kwamba ndani ya mistari ya chokaa hakuna mkwe, hakuna shemeji, kuna jezi tu. Alinisikiliza kwa heshima zote. Alisema, "Sawa kocha." Mimi nimeishi na hiyo sawa kocha mwaka mzima, na naapa haina maana yoyote.

Nikamfuata Ngusa nikamwomba siku ya ukaguzi akae benchi. Akakataa, na hapo sikumlaumu. Mama yake na majirani walikuwa wameshapanga kuja na Fuso nzima kutoka Kabungu kumwona. Isitoshe, mtu mwingine anayeweza kusimama namba moja sikuwa naye, na bila namba moja hakuna skramu ya kusukumana, na bila skramu mkaguzi angeandika kwamba nimefundisha rede. Nikajaribu kumwomba basi akimbilie upande wa kulia, mbali na Malale. Akaniambia, "Kocha, we si ulitufundisha tukimbilie penye mwanya?"

Ndivyo tulivyofika siku yenyewe.

Mkaguzi alikuwa Bi Klementina, mwanamke wa makamo mwenye miwani na daftari, mpole, asiyedanganyika. Uwanja ni wa mpira wa miguu. Magoli tuliyarefusha kwa mianzi. Fuso ya Kabungu ilifika na akina mama waliovaa vitenge vya sare, na watu wa sokoni Kashaulili walijaa upande wa pili na karanga zao. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha. Skramu zilisukumana. Pasi zilirudi nyuma kama inavyotakiwa. Hakuna aliyempa mwenzake pole. Kisha Ngusa akapata mpira.

Alimwendea Malale mara tatu kabla ya mapumziko. Mara tatu Malale alikaa pembeni na viganja vyake. Ya kwanza watu wa sokoni walishangaa. Ya pili wakazomea. Ya tatu wakacheka, na kicheko ndicho kilichonichoma.

"Kocha," Bi Klementina akasema, "huyo ndiye uliyeniandikia kwamba hujawahi kuona anayekumba kama yeye?"

"Ndiye."

"Mbona anapisha?"

"Yule mwenye mpira ni baba mkwe wake."

Akaandika. Nikachungulia. Aliandika: *mabeki wanaogopa kugusana.*

"Nakuelewa, kocha," akasema, na kweli sauti yake ilikuwa na huruma. "Lakini siwezi kupeleka Dar kitu ambacho upande mmoja unajulikana utapita na mwingine utapisha. Wataniambia hayo si mashindano."

Nilienda kwenye mapumziko nikiwa sioni vizuri. Wachezaji wa mjini walikuwa wamekaa chini wanakunywa maji. Nilimwendea Malale mbele ya wenzake kumi na wanne. Ningeweza kumtoa nje nikamweka mwingine. Leo naliona hilo wazi. Siku ile nilitaka kushinda ubishi. Nikamwambia kwamba mwanaume anayempisha mwenzake uwanjani, hata nyumbani kwake usiku atampisha.

Dieudonne akasema kwa sauti ya chini, "Kocha, hilo lirudishe."

"Silirudishi," nikasema. "Akipisha tena leo, asirudi kwangu."

Malale hakusema sawa kocha. Alifunga kamba za viatu vyake, akasimama.

Kipindi cha pili, dakika ya kumi, Ngusa akauokota mpira karibu na katikati, akainua kichwa, akaiona barabara yake. Akaja kwa raha zake, wala hakukaza mbio. Malale aliingia chini. Nilichokiona ni mabega tu. Akakumbatia, akanyanyua, na kilo mia na nne zikaenda juu zikakatisha mianzi ya goli machoni mwangu, kisha zikashuka na kulala chali. Vumbi lilipotulia, kaptura ya Ngusa ilikuwa imepasuka kuanzia kiunoni mpaka chini, na ndani hakuwa amevaa kitu.

Watu wa sokoni walipiga kelele za furaha. Upande wa Kabungu, akina mama waligeuka wote kwa pamoja, wakatupa mgongo, na mama yake Ngusa akajifunika kitenge kichwani. Ngusa alijifunika kwa mpira. Malale alisimama pale akiwa amefumba macho, mikono imening'inia. Bi Klementina alikuwa juu ya kiti chake anapiga makofi.

"Hiyo ndiyo raga, kocha," akaniambia. "Hiyo nimeirekodi."

Nilifurahi. Sitasema uongo. Kwa saa kama mbili hivi nilikuwa mtu aliyefurahi kuliko wote mkoani Katavi.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, kaka zake Nyanzala walifika kwa Malale na pikipiki mbili. Walimsalimia vizuri, wakakunywa maji, wakamwambia dada yao anahitajika nyumbani. Nyanzala akafunga nguo zake. Kwao jambo lile halikuwa na ugomvi. Mkwe amevuliwa nguo na mkwe mwenzie, mbele ya mama yake, basi ndoa inasimama mpaka kikao kikae. Jumatano nikapata mkataba kutoka Dar, miaka mitatu, umeshapigwa muhuri, unasubiri sahihi yangu. Sharti lilikuwa lilelile: timu zote mbili ziendelee kucheza. Nikauchapisha pale stendi, nikaukunja, nikautia mfukoni mwa shati. Jioni hiyohiyo Malale akaja nyumbani.

Nilidhani amekuja kunigombeza, na nilikuwa nimeshaandaa maneno. Akasema, "Shikamoo kocha. Jumamosi nimeitwa Kabungu. Mtu haendi peke yake kwenye kikao cha wakwe, anakwenda na mzee wake. Baba yangu yuko Bariadi. Hapa Mpanda mzee ninaye wewe."

"Mimi?"

"Usiseme kitu. Ukae tu upande wangu."

Sikujua, mke wangu, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alinitazama na kuinamisha kichwa chake tena. Nikamwambia Malale nitakwenda. Usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza juu ya shati na kilichomo mfukoni mwake.

Kikao kilikaa saa nne asubuhi uani kwa mzee Makoye, viti vya plastiki vimepangwa karibu na zizi. Wazee walikuwa sita, na nyuma yao wamesimama vijana wangu wote wa Kabungu, Ngusa katikati, ametazama pembeni. Mzee Makoye ni mtu mkavu, anaongea taratibu, hana makuu.

"Malale," akasema, "yule uliyemwangusha ulijua ni nani kwako?"

"Nilijua, baba."

"Ulimwangusha kwa bahati mbaya?"

"Kwa kusudi."

"Kuna mtu alikutuma?"

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

Alilisema bila kunitazama, na alilisema vizuri, bila kutetereka hata kidogo. Nikapata hasira naye. Mwaka mzima namwomba mtu huyu afanye jambo moja gumu, anashindwa, leo anafanya gumu zaidi ya lile kwa utulivu kama anayekunywa chai.

Wazee wakanong'onezana kwa Kisukuma. Kisha mzee Makoye akatoa neno: Malale atatoa mtamba mmoja wa ng'ombe wa kumsafisha mkwe wake, na mpaka mtamba afike, Nyanzala atakaa hapahapa. Mbeba magunia na mtamba. Nikajua, na kila mtu pale akajua, kwamba hiyo ni miaka.

"Nimekubali, baba," Malale akasema.

Mzee Makoye akanigeukia. "Na wewe mzee wake, una neno?"

Malale alinikanyaga mguu kwa siri. Nilikuwa nimeambiwa nikae kimya, na kukaa kimya kulikuwa kunanifaa kuliko kitu chochote duniani. Wale vijana kumi na mmoja nyuma ya wazee walikuwa nusu ya mkataba wangu. Nilihitaji kusema tu, sina neno, mzee. Nikafungua mdomo niseme hivyohivyo, na nikaona aibu, aibu ya wazi kabisa, kama vile mimi ndiye nimepasukiwa kaptura.

"Nilimtuma mimi," nikasema. "Alikataa mwaka mzima. Siku ile nilimtukana mbele ya wenzake, nikamtukana na mke wake, nikamwambia asipomwangusha Ngusa asirudi. Nilijua ni mkwewe. Nilishaambiwa."

Nililirudia na lile tusi lenyewe, kwa sababu mzee mmoja aliniuliza lilikuwa tusi gani. Sijawahi kusema sentensi ndefu kama ile.

Mzee Makoye akasema mtamba hayupo tena kwa Malale, maana aliyetumwa halipi, na Nyanzala atarudi na mumewe leo. Mimi hakunitoza kitu. Akaniambia kwamba anayetozwa ni mtu wa ndani. Alipomaliza, Ngusa alisogea mbele, na kwa mara ya kwanza tangu mechi akanitazama usoni.

"Kocha, sisi tulidhani unatufundisha mchezo," akasema. "Hatuji tena."

Wote kumi na mmoja wakaondoka kuelekea kwenye ng'ombe. Walinipita mmoja mmoja, na kila mmoja aliniaga kwa heshima.

Nilitoka nje kwenye pikipiki. Moyoni, nikiri, nilisubiri shukrani. Malale alikuja nyuma yangu, na sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Nilikwambia usiseme," akasema.

"Ungekaa bila mke miaka mingapi?"

"Miwili. Mitatu. Ningelipa. Nyanzala alishakubali, tuliongea jana kwenye simu. Ningekuwa nalipa huku nacheza. Mimi mchana kutwa nabeba magunia, kocha. Saa kumi ya mazoezi peke yake ndiyo ninakuwa mtu. Sasa nacheza na nani?"

"Hilo sikulijua," nikasema.

"Huwa huulizi."

Nyanzala alitoka na furushi lake, akapanda pikipiki ya jirani nyuma ya mumewe. Aliniambia shikamoo, akaniambia asante baba, na wakaondoka. Asante hiyo ilinitosha kidogo sana.

Jumapili nilimpigia Bi Klementina nikamweleza yote. Aliuliza kama naweza kupata vijana wengine kumi na mmoja ndani ya mwezi, labda Kasekese. Nikafikiria Kasekese, nikafikiria nitakavyowaeleza wakiuliza waliopita wameenda wapi. Nikamwambia hapana. Mkataba nikaurudisha bila sahihi, na shemeji yangu akasema nianze dukani wiki inayofuata, kila siku mpaka saa tisa na nusu. Hiyo saa niliichagua mwenyewe, na nilibishana naye nusu saa kuipata.

Jumatatu saa kumi nilikuwa uwanjani na filimbi na papai. Sikumwita mtu. Robo saa baadaye Malale akatokea, pumba za mpunga kwenye nywele, uso umekunjwa uleule wa Jumamosi. Hakunipa shikamoo.

"Tunafanya nini?" akauliza.

"Tunaanza na kukimbia. Raundi kumi."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna anayenilipa."

"Mimi nakimbia, wewe unafanya nini?"

"Nasimama hapa nakuangalia, kama siku zote."

Alitazama uwanja mzima, mtupu, mbuzi wawili tu golini. "Leo kimbia na wewe," akasema.

Nilifungua mdomo nimkatalie. Kisha nikavua filimbi shingoni, nikaiweka chini juu ya mpira, nikaanza kukimbia. Raundi ya pili nilikuwa nahema mdomo wazi. Malale alishanipita, na hakunisubiri.